Shemeji, Usiwapelekee Mkono Mwingine

Shemeji Mwakio, mume wa dada yangu,

Sikuulizi hali. Najua utajibu nini, na jibu lako hilo ndilo lililonikalisha chini niandike. Jumbe zangu za sauti umezisikiliza zote, simu inanionyesha, na hujanijibu hata kwa kukohoa. Basi nimeamua kukuandikia mbele ya watu. Barua hii nimeituma kwenye kundi la simu la kijiji, lile la matangazo ya mazishi na harusi, ambalo hata pasta yumo. Ukikasirika, kasirika. Mimi na wewe hatukosi la kutaniana, ila leo utani wangu ni mchache.

Dada Wakesho ameniambia. Kila Jumamosi unakusanya vijana kwenye uwanja wa shule ya msingi, unawapanga foleni, unawafundisha kurusha mpira. Ameniambia timu imekupa cheo, eti wewe ni balozi wao huko Taita, na kwamba kabla ya msimu mpya watakuja watu kutoka Riyadh kuchagua vijana wawili watatu wenye mikono mizuri. Ameniambia pia kwamba umenunua filimbi. Niliposikia habari ya filimbi nilikwenda kutapika, na si kwa ujauzito, pasta asishtuke.

Vijana hao hawajui kitu. Walikuona umerudi na begi lenye nembo na kofia nzuri, wakadhani ulikwenda kucheza besiboli. Mimi nilikuwepo, na bado nipo. Ndimi ninayefua nguo za timu ile. Jina lake sitalitaja, maana nikilitaja nasikia ladha ya sabuni mdomoni.

Unakumbuka tulivyoingia kwenye mambo yao. Wote wawili tulikuwa kwa Baba, bosi wetu wa Riyadh, mimi ndani ya nyumba, wewe kwenye gari. Yeye ndiye kafili wetu, mdhamini anayeshika vibali vyetu. Siku moja akaamka ameingia ubia wa timu ya besiboli, mchezo ambao mwenyewe alikuwa hajui hata mtu anashindaje. Madam, mkewe, akalalamika kwamba nyumba itabaki bila mtu wa kazi. Baba akamwambia, "Halas, nitaleta wengine," kisha akaendelea kula tende zake. Mimi nikapelekwa kwenye chumba cha kufulia cha timu, wewe ukapewa basi la wachezaji. Tulifurahi sana, tusidanganyane. Uliniambia, "Shem, sasa tumeingia kwa mambo kubwa."

Mambo makubwa yenyewe niliyaona mimi kwenye maji ya kufulia. Wewe uliwaona wachezaji wakipanda basi wananukia manukato. Mimi niliona walichoacha kwenye nguo. Wale watu wanatafuna mbegu za alizeti tangu mchezo unaanza hadi unakwisha, wanatema maganda popote, mengine yananasa kwenye soksi zao wenyewe. Nilikuwa nageuza mfuko wa suruali ya mtu mzima, baba wa watoto, nakuta donge la tumbaku lililokwisha kutafunwa, bado bichi. Nilikulia kwenye nyumba yenye ng'ombe, shemeji, mavi hayanitishi. Lakini mate ya mtu anayelipwa kucheza, na akicheza anashindwa, yalinitia kinyaa ambacho mpaka leo hakijanitoka kwenye vidole.

Nitawaeleza vijana jinsi ulivyoanza, maana kwako najua unaeleza vingine. Ilikuwa asubuhi, wachezaji wako mazoezini, na mipira yao ilikuwa inaruka uzio na kuangukia kwenye maegesho ulikosimamisha basi. Mmoja ukagonga kioo cha kando. Ulikasirika. Ukaokota mpira, na badala ya kuurudisha kwa ustaarabu, ukaona toroli langu la nguo chafu mbali kule mlangoni pa chumba cha kufulia, ukanilenga. Mpira ukaruka uzio, ukapita juu ya vichwa vya watu, ukatua katikati ya zile jezi. Nikapiga ukelele. Ukaokota mwingine, ukatua palepale. Wa tatu nao vilevile. Nikakutukana kwa Kitaita mpaka nikaishiwa, nawe ukawa unacheka umejishika kiuno, mkono huo mrefu uliofukuzia nyani kwenye mahindi ya baba yako ukining'inia pembeni kama si wako.

Kocha aliona. Huyo ni mzungu mwenye shingo nyekundu, ana tabia ya kutema kabla ya kusema. Akatema, akaja kwako, akakushika bega na kuliminya kama mama anayenunua parachichi sokoni. Hukuona kitu kibaya hapo. Mimi niliona, nikafikiri labda ndivyo wanavyofanya.

Kuanzia siku hiyo ukawa mrushaji wa mazoezi. Vijana, sikilizeni vizuri hapa, maana jina la kazi ni zuri kuliko kazi. Mchezaji anasimama na gongo lake, mtu anamrushia mpira aupige, anamrushia mwingine, na mwingine, mpaka mikono ya mpigaji izoee. Huyo anayerusha hahesabiwi kuwa mchezaji. Siku ya mechi anakaa nje. Shemeji yangu alirusha asubuhi kwenye jua la Riyadh, akarusha tena jioni, na katikati aliendesha basi. Warushaji wenyewe, wale wa kulipwa, walikuwa na mtu wa kuwahesabia kila mpira ili mkono usichoke. Wakimaliza wanafungwa barafu begani na kulazwa kitandani wakandwe. Taulo za barafu zao nilizifua mimi. Taulo yako sikuwahi kuiona.

Nilikuuliza, "Na wewe nani anakuhesabia?" Ukanijibu, "Shem, Jeddah."

Jeddah! Neno hilo mlilila wewe, Baba na kocha msimu mzima. Ahadi ilikuwa kwamba mashindano ya mwisho yakichezwa Jeddah, wewe utasajiliwa kama mchezaji kamili, utavaa jezi, utarusha kwenye mechi ya kweli. Baba alikuahidi kwa kuweka mkono kifuani, "Inshallah, Jeddah." Kocha alitema, akasema Jeddah. Ukampigia simu Wakesho, ukamwambia Jeddah. Dada yangu, ambaye hajawahi kuona besiboli hata kwenye picha, akaanza kuwaambia wenzake kanisani kwamba mume wake atacheza Jeddah. Na timu yenyewe, nyie mnaonisoma, ilikuwa inashindwa. Ilishindwa na kila aliyekuja. Walikuwa wakitoka uwanjani wameshindwa vibaya, wanapanda basi lako wakiulizana ni duka gani la manukato bado liko wazi.

Sasa nifike kwenye lile neno unalojibu ukiulizwa hali.

Timu inayoshindwa haina mashabiki. Baba akapata akili ya kukusanya wafanyakazi wa watu siku ya Ijumaa, siku ya mapumziko, waje wajaze viti. Kila mmoja alipewa fulana na boksi la wali kwa kuku. Wakaja Wakenya, Waganda, Wafilipino, Wabangali, wengi hawajui huu ni mchezo gani. Zuhura wa Mombasa ndiye aliyeanza. Unamkumbuka Zuhura, yule anayelea mapacha kwa madam mmoja mkali, akipata Ijumaa anacheka za wiki nzima. Katika mchezo ule mtu akipiga mpira anakimbia kutoka kituo hadi kituo, na akiwahi kufika kituoni kabla ya mpira, amepona. Hapo skrini kubwa inaandika SAFE, herufi ndefu kama nyumba. Zuhura akasimama na boksi lake la wali, akasema, "Jamani, hawa wamekosea herufi moja tu. Hiyo si ni safi?" Akapaza sauti, "Safiii!" Safu yote ikaitikia. Tangu hapo kila neno lile likitokea, uwanja mzima ulikuwa unaitika "Safiii!" mpaka Wafilipino wakajifunza.

Kasoro ilikuwa moja. Hatukuwa tunaangalia ni wa timu gani aliyepona. Mkimbiaji wa wageni akifika, "Safiii!" Akifika mwingine wa wageni, na walikuwa wanafika sana, "Safiii!" Baba alisimama kwenye kiti chake cha ngozi, akatupungia mikono miwili, "Laa! Laa! Mafi safi! Hao mafi safi!" yaani hao si safi. Nilicheka mpaka machozi. Hiyo ni moja ya siku mbili tu za msimu ule ninazozikumbuka bila kuchafukwa na roho.

Kocha alilipenda neno. Likawa neno lake pekee la Kiswahili. Asubuhi anatema, anakuangalia, anakuuliza, "Safi?" Unamjibu, "Safi, kocha." Anakupa ndoo ya mipira.

Nisikilize hapa, shemeji, na vijana wasikilize zaidi yako. Sisi tumelelewa kwamba mtu akikuuliza hali, jibu la kwanza ni nzuri. Uwe na homa, uwe umefiwa, unasema nzuri, njema, salama, safi. Anayekujali anauliza tena, na hapo ndipo unasema "ila". Safi, ila mtoto anaumwa. Nzuri, ila tumezika jana. Habari yenyewe huwa iko baada ya "ila", na kila mtu kwetu analijua hilo tangu anapoanza kutambaa. Wewe ulimjibu kocha jibu la kwanza ukasubiri aulize tena. Msimu mzima ulisubiri. Hakuna aliyemfundisha yule mtu kwamba lazima aulize tena, na mwenyewe hakuwa na haja ya kujifunza. Lile la kwanza lilimtosha kabisa.

Mimi niliuliza. Ulikuja kunywa chai mlangoni kwangu, nikaona umeshika glasi kwa mkono wa kushoto. Nikakuuliza, "Mkono vipi?"

"Safi."

"Mwakio. Mkono vipi?"

Ukaangalia chini. "Safi, ila hiki kibega kinawaka, shem. Nikilala nacho chini naamka. Na vidole hivi viwili ni kama si vyangu."

Niliacha mashine ikizunguka, nikaenda uwanjani na viatu vyangu vya plastiki, aproni imelowa, nikamkuta kocha. Kiingereza changu ni cha darasa la nane lakini kilitosha. Nilimwambia bega lako limeharibika na unahitaji hospitali. Akanisikiliza, hilo nitamsifu. Akakuita. Ukaja mbio, shemeji, mbio kabisa, kama umeitwa kupewa zawadi. Akakuuliza, "Mwakio. Safi?"

Na wewe, mbele yangu, na chai yangu bado ikiwa tumboni mwako, ukasema, "Safi, kocha."

Akanigeukia, akainua mikono miwili juu kama mtu aliyemaliza kesi. "You see? Safi." Kisha akatema, maganda yakaangukia karibu na kiatu changu. Niliporudi nilifua jezi yake kwa maji ya moto sana makusudi, ikawa ndogo. Hiyo ndiyo adhabu pekee aliyoipata kutoka kwa mtu yeyote.

Nilikuuliza kwa nini. Ukasema, "Nikisema inauma watanitoa, na Jeddah ni juma lijalo." Niliuona uso wako, ukawa kama wa mtu anayeona mlango wazi kwa mbali na anaogopa kupiga chafya usije ukafungwa.

Tukaenda Jeddah. Wachezaji walipanda ndege, sisi tulikwenda kwa barabara na mizigo, wewe umeshika usukani kwa mkono mmoja nikajifanya sioni. Hewa ya Jeddah ilitupokea nzito na yenye chumvi, ukasema inanuka Mombasa, ukafurahi. Siku ile kabla ya mechi ndiyo niliyoipenda, nitaisema ilivyokuwa. Walikupa jezi kweli. Lakini mgongoni haikuwa na jina. Wachezaji wengine wote wana majina, wewe una namba tu. Ulisema si kitu. Mimi nikasema ni kitu, tukachukua teksi mpaka mtaa wa Sharafiya.

Tulitembea kati ya maduka ya simu na ofisi za kutuma pesa mpaka tukampata yule fundi Mpakistani aliyekaa na cherehani chini ya ngazi. Ukamwandikia jina lako kwenye kipande cha karatasi. Akalisoma, akakuna kichwa. "M na W pamoja? Mushkila. Moja imekosewa, rafiki. Nitoe ipi?" Ukamwambia zote mbili ni zako. Akabisha. Ukamwambia alitamke, akajaribu, "Mu-wa... Ma-ki..." mpaka watu wa mgahawa wa jirani wakatoka kuja kumsaidia. Walikuwa Wakenya wawili, walinzi, wakalitamka wote kwa pamoja kama watoto wa chekechea. Fundi akacheka, akashona. Tulikula samaki na wali tukisubiri. Ulikula kwa kijiko, mkono wa kushoto, ukaniambia ni kwa sababu samaki ana miiba. Ulipoishika ile jezi imekwisha ulipitisha kidole kwenye kila herufi. Nikakupiga picha nikamtumia Wakesho.

Siku iliyofuata viti vilikuwa vimejaa. Baba alileta mabasi kutoka mitaa ya Bani Malik na Al-Mahjar, watu na fulana zao na maboksi yao. Video za ule ukelele wa Riyadh zilikuwa zimeshasambaa, kwa hiyo walikuja wanalijua neno. Mechi ilikuwa imekufa mapema. Timu yetu ilikuwa nyuma vibaya, wachezaji wamekaa wanatema, mmoja anaangalia simu ndani ya kofia yake. Hapo ndipo Baba alipomwambia kocha akuingize. Nilikuwa karibu, na taulo mkononi, nikasikia kwa masikio yangu. Hakusema uingie kwa sababu uliahidiwa. Alisema, "Mwingize Mwafrika, hawa watapiga kelele, tupate video." Kocha akasema bega lako limekwisha. Akalisema hivyohivyo, kwa Kiingereza chepesi, bila kutema. Kwa hiyo alijua. Shemeji, alijua. Alikuwa anajua muda wote aliokuwa anakuuliza "Safi?"

Hili sikukuambia kamwe kwa mdomo, nimeona aibu kwa niaba yao. Leo lisome.

Uliingia. Uwanja ukalipuka, "Safiii!" Ulivua kofia ukawaamkia kwa kuinamisha kichwa kama unaingia nyumbani kwa wakwe. Ukajiandaa, ukarusha. Mpira ulikwenda nusu ya njia, ukaanguka, ukabingirika taratibu kwenye majani mpaka miguuni kwa mpigaji. Yeye aliangalia chini kama mtu aliyekuta chura. Wa pili ukaanguka karibu zaidi. Wa tatu ulitoka ukaenda pembeni, ukampita mpiga picha. Wachezaji wa timu yetu, hao niliofua mate yao msimu mzima, wakawa wanacheka wamejifunika glavu. Kocha aliangalia juu. Na Baba alikuwa amesimama, simu mkononi, anachukua video, anapaza sauti, "Yalla, Mwakio! Yalla!" Hakuna aliyekutoa. Walikuacha urushe na urushe. Kule vitini watu wetu hawakujua waache au waendelee. Kwa kukupenda wakaendelea na "Safiii, safiii," na kila walipolisema nilitamani mtu awafunge midomo.

Wewe ulikuwa unatabasamu. Ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba ulitoka pale unatabasamu.

Kwenye chumba cha nguo hukuweza kuivua jezi. Mkono haukupanda hata kufika kifuani. Ulijaribu kwa meno. Nikachukua mkasi, nikakuambia ukae. Ukaniambia, "Kata popote, shem, lakini jina usiguse." Nikakata mkono wa jezi kuanzia kwenye pindo, nikazunguka bega, nikapita ubavuni taratibu. Bega lilikuwa limevimba, lina rangi ambayo sijawahi kuiona kwa mtu aliye hai. Nje nilisikia wachezaji wanachagua pa kwenda kula.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Dereva asiyeweza kushika usukani wa nini? Baba aliniita nikutafsirie, ingawa kilikuwa kitu usichohitaji kutafsiriwa. "Mwakio kuwayis, mtu mzuri. Halas. Khuruj." Kurudi kwenu, moja kwa moja. Akakupa lile begi lenye nembo na akakukumbatia. Ukamshukuru. Nilisimama katikati yenu nikiwa na maneno mdomoni ambayo Kiarabu changu hakikuweza kuyabeba, na nafikiri ni bahati yangu.

Hizo ndizo habari za besiboli, vijana. Huo ndio msimu wenyewe.

Sasa mimi bado niko hapa, mpaka mkataba wangu uishe na ikama yangu, kile kibali cha kukaa, itoke mikononi mwao. Basi uliloliendesha limepakwa rangi upya. Ubavuni wamebandika picha yako, shemeji, kubwa kama ukuta, umevaa ile jezi, umevua kofia, unatabasamu, na chini yake wameandika SAFI. Naipita kila asubuhi nikienda kazini. Wamekata picha pale begani. Mchezaji mmoja mpya aliniuliza huyo ni nyota wa wapi. Nilimwambia muulize kocha. Niliingia ndani nikanawa uso kwa maji ya baridi kwa muda mrefu, maana nilihisi nimepakwa kitu.

Nawachukia, na sitaki kulivalisha neno hilo nguo. Wananitia kinyaa wao, na manukato yao, na kukumbatia kwao watu wanaowatupa. Lakini wewe, shemeji, unanitia kinyaa cha aina nyingine, na ndicho kinachoniharibia usingizi. Umevunjwa, kisha umekubali kuwa mtu wao. Wakesho anasema mtoto akikukimbilia unampokea kwa mkono mmoja na kumgeuza upande. Anasema unanyolewa na yeye. Anasema kule mazishini kwa mzee wa jirani ulisalimia wakubwa kwa mkono wa kushoto, watu wakaguna, na ukawaambia ule mwingine ni mchafu. Mchafu! Afadhali waseme huna adabu kuliko wajue timu ilikufanya nini. Na Jumamosi, anasema, unasimama pembeni ya uwanja, mkono umeutia mfukoni, unawaelekeza kwa filimbi. Wakikuomba urushe mmoja waone, unawaambia balozi harushi.

Sijui ni nini unakilinda. Labda ni ile siku ya Sharafiya, ile jezi imelala magotini mwako. Ukiwaambia vijana ukweli, siku ile nayo itageuka kuwa upumbavu. Nakuelewa hapo. Ile siku mimi pia sitaki mtu anichukulie. Lakini haikuwa ya timu, shemeji. Ilikuwa yetu, mimi na wewe na yule fundi. Hawana haki ya kutudai malipo yake kwa mkono wa mtoto wa mtu mwingine.

Wameniambia niwe tayari kuwapokea hao vijana wakifika Riyadh, niwaonyeshe pa kulala, niwazoeshe. Nimekataa. Sijui watanifanya nini, na kwa kweli siku hizi sijali sana.

Nao watakuja huko kabla ya mvua. Baba atakuwepo, kocha pia, nimeona tiketi zinakatwa. Watashuka kwenye gari pale uwanjani na vijana watakuwa wamepangwa foleni, wamenyoa, wamevaa viatu walivyoazima. Kocha atakuja kwako kwanza, kwa ajili ya picha, na atakunyooshea mkono.

Usimpe wa kushoto. Toa ule wa kulia mfukoni, shemeji, umpe huo. Usiusaidie na mwenzake. Uinue mpaka pale unapoweza kufika, uuache hapohapo, na usiseme neno, mpaka kila kijana kwenye foleni awe ameona umeishia wapi.

Nisalimie dada yangu na mtoto.

Ni mimi shemeji yako anayekupenda na kukasirika nawe,
Mghoi, mdogo wake Wakesho